Msemaji anayejianika: jinsi ya kuchambua nafsi ya mhusika katika monolojia za Robert Browning

Mtu anayepanga ndoa hatarajiwi kumsimulia mjumbe wa upande wa pili jinsi mke wake aliyetangulia alivyonyamazishwa. Mtawala wa Ferrara, mji wa Italia, katika shairi la Robert Browning liitwalo "My Last Duchess", anafanya jambo hilohilo. Anamkaribisha mjumbe aketi mbele ya picha ya marehemu, pazia amelivuta kando kwa mkono wake mwenyewe, kisha anazungumza hadi tunajua mengi kuliko alivyokusudia tujue. Mwongozo huu unahusu namna ya kumsoma mtu wa aina hiyo, anayejianika kwa ulimi wake huku akiamini anajipamba.

Monolojia ya kidrama ilikomaa Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria (1837–1901). Mtu mmoja wa kubuni anazungumza mwanzo hadi mwisho, mara nyingi mbele ya msikilizaji ambaye hatumsikii, katika saa moja nyeti ya maisha yake. Fundi mkuu ni Browning (1812–1889). Karibu naye yuko Alfred Tennyson, na yuko Augusta Webster, ambaye kwa maoni yangu amesahauliwa bila haki. Mashairi haya hayana msimulizi wa kutuambia huyu ni mwovu na huyu ameonewa. Kazi hiyo ameachiwa msomaji, na ndiyo sababu yanahitaji utaratibu.

Ninaoupendekeza una msingi mmoja: tafuta pale ambapo msemaji anasema kuliko shughuli yake inavyodai. Hatua zote zinazofuata zinahudumia msingi huo.

1. Anza na shairi fupi, ulisome kwa sauti

Usianzie kwenye makubwa. "My Last Duchess" lina mishororo 56 tu na lilichapishwa mwaka 1842, katika kijitabu *Dramatic Lyrics*. "Porphyria's Lover" lina mishororo 60 na lilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1836. Mawili haya yanatosha kujifunzia.

Soma kwa sauti, tena usitue mwishoni mwa mshororo isipokuwa alama ya uakifishaji imekuamuru. "My Last Duchess" limetungwa kwa vina vya mishororo miwili miwili, lakini Browning amejaza mishata, maana ikimwagika kutoka mshororo mmoja hadi unaofuata, kiasi kwamba sikio linakaribia kuvisahau vina vyenyewe. Ukituatua kila mwisho utasikia shairi la darasani. Ukifuata uakifishaji utamsikia mwanamume anayezungumza kwa raha, bila haraka, ndani ya nyumba anayoimiliki. Vina vipo chini kwa chini, vinabana kila neno, na yeye anaongea kana kwamba hakuna kinachombana. Hiyo tayari ni habari ya kwanza kuhusu tabia yake.

2. Mtenge mshairi na nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi

Wasomaji wa Kiswahili tunao mfano mzuri wa kupimia hapa. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, unaanza hivi:

*Negema wangu binti*
*Mchachefu wa sanati*
*Upulike wasiati*
*Asaa ukazingatia*

Yupo anayesema, yupo anayeambiwa ambaye hajibu, na ipo saa nzito, ya mama mgonjwa anayemuusia mwanawe. Kwa sura ya nje unafanana na monolojia. Lakini anayesema ni Mwana Kupona mwenyewe, na anataka tuamini kila neno. Hakuna ufa kati ya aliyetunga na anayenena.

Kwa Browning ufa huo ndio shairi. Katika tangazo la *Dramatic Lyrics* alieleza kwamba mashairi yale ni semi za watu wa kubuni, wala si zake. Kwa hiyo ukiandika "Browning anaona mke lazima adhibitiwe", uchambuzi wako umevunjika kabla haujaanza. Andika "mtawala anaona", na ujiulize mshairi amesimama wapi akimwacha aone hivyo.

3. Kusanya hali ya mazungumzo kutoka ndani ya shairi

Chukua karatasi, uandike nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na wamekutana kwa shughuli gani. Kila jibu liwe na mshororo wa kuliunga mkono. Usikope muhtasari wa mtu.

Katika "My Last Duchess" mambo mengi yanafichuka kwa kuchelewa. Tunafika karibu na mwisho ndipo tunapojua kwamba mgeni ni mjumbe wa kabaila fulani mwenye cheo cha Count, na kwamba mtawala anataka kumwoa binti wa kabaila huyo. Kuna mali ambayo baba wa binti atampa bwana harusi, yaani kinyume cha mahari yetu. Mtawala anasema kuhusu mali hiyo, "narudia". Neno hilo dogo linatuambia kwamba mazungumzo ya fedha yalikwisha kufanyika kabla shairi halijaanza. Shughuli ilikwisha kujadiliwa. Haya yote tuliyoyasikia mbele ya picha, kwa hesabu ya shughuli, hayakuhitajika.

4. Tia alama kila kilichozidi

Hapa kaa muda mrefu. Pitia shairi kwa penseli, na kwa kila sentensi uulize: kama huyu angetaka tu kufanikisha jambo lake, angeisema? Kama jibu ni hapana, pigia mstari.

Kwa mtawala, penseli itafanya kazi kubwa. Anasema amemtaja mchoraji, Frà Pandolf, kwa makusudi. Kwa nini amwambie mgeni kwamba ni makusudi? Anaeleza kwamba hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua pazia ila yeye. Hakuulizwa habari za pazia. Anarudia mara mbili habari ya "doa la furaha" kwenye shavu la mkewe, wekundu uliompanda alipofurahi, na anatunga maneno ambayo labda mchoraji aliyasema ili kuuleta wekundu ule. Maana yake ni kwamba amekwisha kuyawaza mara nyingi akiwa peke yake. Mtu asiyejali hatungi mazungumzo ya watu wawili ambayo hana hakika kama yalitokea.

Kisha yanakuja yale ninayoyaona mazuri kuliko yote ndani ya shairi. Ili kuthibitisha kosa la mkewe, mtawala anaorodhesha vitu vilivyomfurahisha: zawadi ya mumewe kifuani pake, jua likizama magharibi, tawi la matunda alilokatiwa bustanini na mtu mmoja "mjinga wa kujipendekeza", na nyumbu mweupe aliyempanda kuzunguka baraza. Kwa mtawala hii ni hati ya mashtaka. Kwa msomaji ni picha ya msichana aliyeupenda ulimwengu. Angalia pia kwamba aliyeudhika anakumbuka hadi rangi ya nyumbu. Chuki yake ina kumbukumbu kali kama ya mpenzi. Ukilipita jambo hili, utamwona mtawala kama mkatili wa kawaida, na shairi litakuwa dogo kuliko lilivyo.

Ziada ya mwisho ni sanamu. Wakishuka ngazi anamwonyesha mjumbe Neptune, mungu wa bahari wa Warumi wa kale, akimfuga farasi wa baharini, kazi ya shaba ya Claus wa Innsbruck. Mungu huyo anamtiisha mnyama. Mtawala anaona ni kitu adimu tu cha kujivunia. Na shairi la Kiingereza linafunga kwa kiwakilishi cha kumrejelea yeye mwenyewe: sanamu ilifuliwa kwa ajili yake.

5. Sikiliza sentensi zinapokwama na zinaponyooka

Hatua hii ndiyo inayotenganisha uchambuzi wa nafsi na muhtasari wa kisa. Chora alama moja kila palipo na kistari cha kukatiza, na nyingine kila palipo na swali la balagha, lisilongoja jibu.

Mtawala anajikwaa akisema mkewe alikuwa na moyo, "nisemeje?", uliofurahi upesi mno. Anajikwaa tena akisema aliwashukuru watu, "sawa!", lakini kwa namna fulani, "sijui namna gani", kana kwamba jina la ukoo wake la miaka mia tisa lilikuwa sawa na zawadi ya mtu yeyote. Halafu inafuata sentensi ndefu iliyosokotana kuhusu kwa nini hakumwambia mkewe kinachomkera. Anadai hana ufundi wa kusema, na anadai hivyo katikati ya maneno yaliyopangwa kwa ustadi mkubwa.

Sasa linganisha na pale anapofika kwenye kifo. Anasema kwamba hali ilizidi, akatoa amri, kisha tabasamu zote zikakoma kwa pamoja. Vipande vifupi. Hakuna kistari, hakuna "nisemeje". Ulimi wake ulikwama kwenye shukrani za mke, haukukwama kwenye kuuawa kwake. Huhitaji kumwita jina lolote. Mpangilio wa sentensi umekwisha kukuonyesha kipi kinamsumbua usiku na kipi hakimsumbui kabisa.

Mfano wa aya unayoweza kuiandika kutokana na hatua hii:

*Ndani ya mishororo michache mtawala anarudia mara tatu wazo la kujishusha: nani angejishusha kulaumu upuuzi kama huo, hata kumfundisha tu kungekuwa kujishusha, na yeye amechagua kutojishusha kamwe. Kati ya mara ya kwanza na ya tatu, swali limegeuka kuwa kiapo. Kumwambia mkewe neno moja kungemaliza shida, lakini neno hilo lingekiri kwamba mke ana uwezo wa kumuumiza. Amri ya kifo haikiri chochote. Kwa hiyo kwake kuua ni rahisi kuliko kuzungumza.*

Aya hii haina istilahi ya hospitali hata moja, na kila dai lina mshororo wake. Ndicho kipimo ninachokipenda.

6. Mrudishie sauti asiyesema

Katika monolojia kuna watu kimya wa aina mbili: aliyeko mbele ya msemaji na anayesimuliwa. Wote wawili wasome.

Mjumbe haongei, lakini mwili wake unaacha alama katika maneno ya mwenzake. Mtawala anamwomba asimame, kisha anasema, "La, tutashuka pamoja." Hiyo "la" inajibu kitu. Huenda mjumbe alirudi nyuma kwa adabu ili mkubwa atangulie. Huenda alikuwa ameanza kuondoka upesi, akitaka kuikimbia picha ile. Shairi halituamulii. Andika uwezekano wote miwili na ueleze kila mmoja unabadilisha nini. Usichague kwa sababu tu mmoja unasisimua zaidi.

Anayesimuliwa mtafute kwa kuondoa lawama. Chukua kila sentensi inayomhusu marehemu, futa vivumishi vya mtawala, usome kinachobaki: alitabasamu, alishukuru, alipanda nyumbu, alitazama jua likizama.

7. Fuata watenda katika vitenzi

"Porphyria's Lover" linafundisha hatua hii vizuri. Mwanamume yuko kibandani usiku wa dhoruba. Porphyria anaingia. Orodhesha vitenzi na utaje mtendaji wa kila kimoja. Mwanzoni karibu vyote ni vya mwanamke: anaifungia baridi nje, anapiga magoti, anauchochea moto, anavua joho na glavu, anaketi, anaita. Mwanamume hajibu. Mwanamke anauchukua hata mkono wake na kujizungushia kiunoni.

Kisha mwanamume anatambua kwamba anaabudiwa, na vitenzi vinahama. Wakati huo alikuwa wake, wake, anasema, na akapata jambo la kufanya: anazizungusha nywele ndefu za Porphyria mara tatu shingoni mwa Porphyria mwenyewe, na kumnyonga. Anasisitiza kwamba mwanamke hakuhisi maumivu, halafu anarudia kwamba ana hakika hakuhisi maumivu. Urudiaji huo ni ziada ya hatua ya nne. Mwenye hakika husema mara moja. Baada ya hapo anayafungua macho ya marehemu, anakiegemeza kichwa begani mwake na kukisemea matakwa yake. Mtu aliyeingia akiwa mtendaji wa kila kitu amebaki kichwa kisicho na kauli. Usiku mzima unapita, na msemaji anafunga kwa kusema kwamba Mungu bado hajasema neno.

Hapa hakuna msikilizaji anayetajwa. Iandike tofauti hiyo. Mtawala anazungumza kwa sababu ana mtu wa kumtisha au kumvutia. Huyu anazungumza kwenye chumba chenye maiti, akingojea sauti ya kumjibu.

8. Tumia historia na saikolojia ya wakati ule kwa kiasi

Chini ya kichwa cha shairi la mtawala kuna neno "Ferrara". Wahakiki humhusisha na Alfonso II d'Este, aliyemwoa Lucrezia de' Medici mwaka 1558. Lucrezia alifariki mwaka 1561 akiwa na miaka 16, uvumi wa sumu ukaenea, na baadaye Alfonso akamwoa Barbara wa Austria. Ni vizuri kulijua hilo, lakini shairi halimtaji Alfonso wala Lucrezia, na Frà Pandolf na Claus ni wa kubuni. Historia isijibu maswali ambayo shairi limeyaacha wazi kwa kusudi. Browning mwenyewe alipoulizwa kuhusu zile amri, alisema zilikuwa za kumuua, kisha akaongeza kwamba labda mtawala alimfungia mkewe katika nyumba ya watawa. Hata mtunzi hakuufunga mlango.

Kuhusu saikolojia, liko jambo moja lenye manufaa makubwa. Mwaka 1835 daktari James Cowles Prichard alichapisha kitabu kuhusu wazimu, akieleza hali ambayo ndani yake akili ya kufikiri imebaki timamu lakini hisia na mwenendo vimepotoka. Mwaka 1842 Browning aliweka shairi la Porphyria na jingine moja chini ya kichwa kilichozungumzia vyumba vya hospitali ya wendawazimu, na katika matoleo ya baadaye kichwa hicho kikaondolewa. Wasomaji wa wakati ule walikuwa wanaanza kuzoea wazo kwamba mtu anaweza kupanga hoja kwa utulivu na bado awe amepotoka. Utulivu wa wasemaji hawa usikupumbaze wewe pia. Ila usihamishie ndani ya shairi majina ya magonjwa ya leo. Ukisema "mtawala ana ugonjwa fulani", umefunga mjadala kwa lebo, na hujasoma mshororo hata mmoja.

9. Pima huruma yako kabla ya kuhukumu

Robert Langbaum, mhakiki wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba monolojia hizi hutuvuta pande mbili, huruma na hukumu. Ni kweli kabisa. Tunamsikiliza muuaji na kustaajabia lugha yake. Andika waziwazi wapi ulivutwa, kisha wapi ulishtuka, na mshororo upi ulileta badiliko. Wengi huruka hatua hii wakiona aibu kukiri kwamba walivutwa, na uchambuzi wao unakuwa hotuba ya kukemea.

Kwa wasemaji wasio wauaji, hatua hii ni ngumu zaidi na tamu zaidi. Katika "Andrea del Sarto" (1855), mchoraji mwenye mkono usiokosea anazungumza na mkewe jioni. Anamlaumu kwamba hakumpa msukumo, anajirudi, anajilaumu, anamlaumu tena. Katikati ya hayo anakiri kwamba aliitumia vibaya fedha ya mfalme wa Ufaransa. Nje kuna mtu anayepiga mluzi kumwita mke, na Andrea mwenyewe ndiye anayemwambia aende. Jaribu kuamua kama huo ni upendo, woga au uvivu wa nafsi. Mimi naona ni vyote vitatu, na kila nikisoma uzito unahama.

Katika "Ulysses" la Tennyson, lililoandikwa mwaka 1833 na kuchapishwa mwaka 1842, sikiliza mfalme anavyomtaja mkewe kwa umri tu, bila jina, na anavyomsifu mwanawe kwa maneno yanayonukia barua ya kazi. Na katika "A Castaway" la Augusta Webster (1870), Eulalie, mwanamke anayeuza mwili wake kwa wenye fedha, anasoma shajara yake ya usichana. Anajitetea kwa hoja kali: mawakili, wahubiri na madaktari nao wanaishi kwa udhaifu wa watu, basi yeye anamdhuru nani kuliko wao? Hoja zake nyingi zina nguvu kweli, na Webster anataka tuzisikie. Ziada iko mwishoni. Anakuja mgeni ambaye Eulalie hamheshimu, naye anamkaribisha kwa furaha, akisema mtu hunyong'onyea akikaa peke yake.

10. Sogea kwenye kazi kubwa ukiwa na penseli ileile

Ukishazoea, fungua *The Ring and the Book* (1868–1869), yenye vitabu 12 na mishororo zaidi ya 21,000. Browning aliijenga juu ya kesi ya mauaji ya Roma ya mwaka 1698, ambayo nyaraka zake alizikuta mwaka 1860 sokoni Florence. Huhitaji kusoma yote kwa mpigo. Soma Kitabu cha 5, ambapo Guido Franceschini anajitetea mbele ya mahakimu kama mume mstaarabu aliyedhulumiwa, kisha uruke hadi Kitabu cha 11, ambapo mtu huyohuyo anasema usiku wa kuamkia kukatwa kichwa.

Weka hotuba mbili sambamba, upige mstari ziada katika kila moja. Ya kwanza ina chache kwa sababu bado ana la kupoteza. Ya pili inafurika. Wanaokuja kumchukua wanaposikika, Guido anaita kila anayeweza kumkumbuka: abate, kardinali, Kristo, Maria, Mungu, na mwisho kabisa Pompilia, mke aliyemuua, akimuuliza kama atawaacha wamuue. Anza kuandika hapo, kisha rudi Kitabu cha 5 uangalie jina hilohilo alikuwa akilitamka vipi mbele ya mahakimu.